"Hound Dog": Wimbo Mmoja, Wenyewe Wangapi?

Tuanze na hundi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya dola 500. Alipewa Willie Mae Thornton, aliyejulikana jukwaani kama Big Mama, kwa kuimba "Hound Dog", santuri iliyouza nakala zaidi ya laki tano. Mpaka uzeeni alisema hakuona hata senti nyingine. Hundi ya pili ilikuwa ya dola 1,200, nayo waliandikiwa Jerry Leiber na Mike Stoller, vijana waliotunga wimbo huo. Walipoipeleka benki, ikakataliwa. Zote mbili zilitoka kwa mtu mmoja: Don Robey, mwenye lebo ya Peacock ya mjini Houston, Texas.

Elvis Presley akaja kuurekodi wimbo huohuo mwaka 1956, ukapasua anga. Tangu hapo, kila mjadala wa muziki wa Marekani ukipamba moto, swali ni lilelile: je, Elvis alimwibia Big Mama? Nimesikia watu wakijibu "ndiyo" kwa hasira, na wengine "hapana" kwa hasira zaidi. Mimi naona fundo hili haliwezi kufunguka kwa kuvutwa pande mbili. Kabla ya kumtafuta mwizi, tujue kwanza kilichokuwepo cha kuibwa ni nini, na kilikuwa mali ya nani.

Mpasho wa karibu dakika tatu

Thornton alizaliwa tarehe 11 Desemba 1926 huko Ariton, Alabama, binti wa mchungaji. Mama yake alipofariki, yeye akiwa bado msichana mdogo, alijiunga na kundi la burudani lililozunguka majimbo ya kusini. Harmonika alijifundisha mwenyewe, na dramu vilevile. Mwaka 1948 akahamia Houston, na huko ndiko Robey alikompa mkataba.

Agosti 1952 alikuwa Los Angeles, akifanya mazoezi na bendi ya Johnny Otis. Otis alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki aliyeamua kuishi maisha yake yote miongoni mwa Wamarekani weusi, na alikuwa na jicho kali la kuona vipaji. Aliwaita Leiber na Stoller, vijana wawili wa Kiyahudi wenye umri wa miaka 19, waje kumsikiliza mwanamke huyo kisha wamtungie kitu. Wakamwona: mrefu, mpana, sauti ya kutikisa bati. Wakaondoka mbio kwenda nyumbani kwa Stoller, Leiber akipiga mdundo juu ya paa la gari huku akitafuta maneno. Kwa kumbukumbu zao wenyewe, wimbo ulikamilika kwa muda usiozidi robo saa.

Kwa msikilizaji wa taarabu maneno yale hayahitaji maelezo marefu. Ule ni mpasho. Mwanamke anamtimua mwanamume aliyemganda, anayekuja kunusanusa mlangoni kama mbwa wa kuwindia, akala akashiba na mchango hana. Mtaani kwetu angeitwa marioo. Anaambiwa: tingisha mkia utakavyo, mimi sikulishi tena. Mbwa hapo ni fumbo tu, mnyama mwenyewe hayumo. Tulishike hilo, maana huko mbele mbwa atageuka kuwa mbwa kweli.

Tarehe 13 Agosti wakaingia studio ya Radio Recorders. Otis alikuwa ndiye msimamizi, lakini mpiga dramu hakuupata mdundo waliousikia mazoezini, basi Otis mwenyewe akaenda kukaa kwenye dramu na kuwaachia wale vijana chumba cha usimamizi. Pete Lewis alikuwa kwenye gita. Leiber amewahi kusimulia kwamba alipojaribu kumwelekeza Thornton namna ya kuuimba, mama yule alimkata kauli: kijana wa kizungu asimfundishe yeye bluzi, muziki uliozaliwa kwa Wamarekani weusi.

Isikilize rekodi ile leo. Hakuna kinanda, hakuna tarumbeta. Kuna dramu inayokwenda taratibu kama mtu anayetembea akijua hakuna wa kumpita, kuna makofi, na kuna gita linalomjibu mwimbaji kila anapovuta pumzi. Juu ya hapo kuna sauti inayokwaruza, inayocheka, inayomsukuma mtu nje ya mlango. Wakati gita linapiga peke yake, Thornton anamchombeza mpigaji kwa vijembe, na mwisho bendi nzima inabweka na kulia kama mbwa. Thornton alieleza baadaye kwamba yale mazungumzo na makelele yote yalikuwa yake mwenyewe, hayakuandikwa na mtu. Nakuomba uyakumbuke makelele hayo, kwa sababu kesi yote, kwa maoni yangu, imejificha humo.

Santuri ilitoka mapema mwaka 1953 na kukaa kileleni mwa chati ya R&B kwa wiki saba, yaani chati ya nyimbo zilizotamba kwa Wamarekani weusi.

Wimbo una mali mbili

Sasa twende kwenye sheria, polepole.

Wimbo uliorekodiwa ni vitu viwili vilivyovaa nguo moja. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo (mpangilio wa nota zake), kitu unachoweza kukiandika kwenye karatasi. Na kuna rekodi, yaani sauti hasa iliyonaswa siku ile, kwenye studio ile, kutoka koo lile. Kila kimoja kina mwenyewe wake na mirabaha yake, yaani malipo ya kukitumia.

Utunzi ulikuwa na ulinzi mzuri. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 ilisema kwamba wimbo ukisharekodiwa mara ya kwanza kwa idhini ya wenyewe, mtu yeyote mwingine anaweza kuurekodi upya bila kuomba ruhusa, mradi alipe senti 2 kwa kila nakala. Senti hizo 2 zilibaki hivyo mpaka mwaka 1978. Fedha hiyo ilikwenda kwa mchapishaji wa wimbo, yaani kampuni inayosimamia haki za utunzi, naye akagawana na watunzi. Piga hesabu: nakala laki tano kwa kiwango kamili ni dola 10,000. Ndiyo maana Robey, kama wenye lebo wengi wa wakati wake, alikuwa pia na kampuni ya uchapishaji, Lion. Santuri ilimlipa mara moja dukani, na utunzi ukamlipa tena.

Rekodi, kwa upande wake, ilikuwa uchi. Sheria ya shirikisho ya Marekani haikulinda rekodi yoyote ya sauti mpaka tarehe 15 Februari 1972. Mwimbaji alipata kile tu alichoandikiwa kwenye mkataba na lebo yake. Mkataba ukisema dola 500 na basi, ni dola 500 na basi. Hata redio ilipoupiga wimbo mara elfu, mtunzi alilipwa, mwimbaji hakulipwa, na stesheni za kawaida za redio Marekani hazimlipi mwimbaji hadi leo.

Bluzi inaongeza ugumu mwingine. Sehemu kubwa ya bluzi hukaa katika mzunguko uleule: vipimo kumi na viwili, makundi matatu ya nota za gita zinazopigwa kwa pamoja, mstari unaimbwa, unarudiwa, halafu wa tatu unaufunga. Mzunguko huo hauna mwenyewe, ni kama bahari kwetu ya shairi. Vina na mizani huwezi kuvidai mahakamani, unachodai ni beti zako. Kwa hiyo katika bluzi, kinachotofautisha wimbo na wimbo mara nyingi si kile kinachoandikika. Ni mkwaruzo, ni kuchelewesha neno nusu pigo, ni kijembe kilichotupwa katikati ya gita. Na hivyo hasa ndivyo sheria ilivyoviacha nje.

Jibu lililozaa kesi

Wiki chache tu baada ya santuri ya Thornton kuingia madukani, jibu lilitoka Memphis. Kujibizana kwa nyimbo si jambo geni kwa msomaji wa Kiswahili, watu wamelumbana kwa beti pwani nzima kwa karne nyingi. Rufus Thomas, mtangazaji wa redio ya WDIA, aliimba "Bear Cat" kwa niaba ya mwanamume aliyetukanwa. Kama mimi mbwa, na wewe paka mwitu. Sam Phillips wa lebo changa ya Sun ndiye aliyeitoa, akajiandika yeye kuwa mtunzi. Ikafika nafasi ya tatu kwenye chati ya R&B na kuwa wimbo wa kwanza wa Sun kutamba.

Robey akaenda mahakamani na akashinda. Maneno yalikuwa mapya, lakini sauti ya wimbo ilikuwa ileile, na sauti hiyo ilikuwa na mwenyewe. Sun ikaamriwa kulipa. Novemba 1955 lebo hiyohiyo, ikiwa bado inahangaika na fedha, iliuza mkataba wa kijana wake mmoja kwa kampuni ya RCA kwa dola 35,000. Kijana huyo alikuwa Elvis.

Ona jambo moja katika kesi ile. Utunzi ulipoguswa, mahakama iliuona mara moja. Ubweko wa Thornton ungeguswa, nani angeuona?

Mwaka huohuo wa 1953 waimbaji kadhaa wa muziki wa kantri nao waliurekodi "Hound Dog", akiwemo Tommy Duncan. Kila mmoja alikuwa na haki ya kufanya hivyo kwa senti 2, na rekodi hizo leo hazikumbukwi sana. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa soko: wimbo mmoja unatembea kutoka mlango hadi mlango, na kila nyumba inaupika kwa viungo vyake.

Mbwa anakuwa mbwa

Mwaka 1955 kundi la Freddie Bell and the Bellboys, lililokuwa likiburudisha watu kwenye hoteli za Las Vegas, liliurekodi wimbo kwa lebo ndogo ya Teen ya Philadelphia. Ili usikwaze masikio, maneno yakasafishwa. Mlango wa mwanamke ukaondoka, marioo akaondoka, mpasho wote ukaondoka. Badala yake ukaingia mstari wa kumwambia mbwa kwamba hajawahi kukamata sungura. Mwendo ukaharakishwa, ukawa wa kuchekesha ukumbi.

Elvis alipokwenda kutumbuiza Las Vegas mwaka 1956 alilitazama kundi la Bell, akaupenda mchezo wao, akauchukua. Mpiga gita wake Scotty Moore na mpiga dramu D.J. Fontana wameeleza hivyo wenyewe. Kwa hiyo alichokirudia Elvis si toleo la Thornton hasa, ni toleo la Bell. Weka rekodi tatu pamoja uzisikilize kwa mfuatano na hutahitaji shahidi: sungura yumo kwa Bell, yumo kwa Elvis, kwa Big Mama hayumo.

Tarehe 5 Juni 1956 Elvis aliuimba kwenye televisheni katika kipindi cha Milton Berle, akapunguza mwendo mwishoni na kuzungusha kiuno, magazeti yakawaka. Tarehe 1 Julai, katika kipindi cha Steve Allen, alivalishwa suti rasmi yenye mkia na kuwekwa mbele ya mbwa halisi, aliyevalishwa kofia, ili amwimbie. Mimi naiona picha hiyo kuwa ya kusikitisha kuliko zote katika hadithi hii. Fumbo la mwanamke mweusi aliyechoka kunyonywa lilimalizikia hapo, kwenye kumbembeleza mbwa mbele ya kamera.

Kesho yake Elvis akaingia studio za RCA New York na kurudia wimbo mara 31 mpaka akaridhika. Na hapa lazima nimtendee haki: rekodi ile ni moto. Fontana anaachia dramu kama risasi za rashasha, gita la Moore linakata, na kijana anaimba kwa ghadhabu ambayo maneno ya sungura hayaielezi. Ni kitu kingine kabisa, kifupi zaidi, chenye hasira isiyo na anwani. Ikiwa upande mmoja wa santuri na "Don't Be Cruel" upande wa pili, ilikaa kileleni kwa wiki 11 na kuongoza chati za pop, kantri na R&B zote tatu.

Stoller hakuwa na habari. Alikuwa baharini, akirudi kutoka Ulaya kwa meli ya Andrea Doria, ambayo usiku wa tarehe 25 Julai 1956 iligongana na meli ya Stockholm karibu na pwani ya Marekani. Watu 51 walipoteza maisha. Stoller aliokolewa kwa boti na kufikishwa New York, na bandarini akamkuta Leiber akimsubiri na suti kavu mkononi. Leiber akamwambia "Hound Dog" imekuwa wimbo mkubwa. Stoller akauliza, wa Big Mama? Hapana, akajibiwa, wa mzungu mmoja anaitwa Elvis Presley.

Leiber hakuwahi kuupenda ule mstari wa sungura, aliona hauna maana. Lakini senti zilikuja, safari hii kweli.

Nani alibaki na nini

Fedha zilipokuwa nyingi, walioshiriki walikwenda mahakamani kudai majina yao. Otis alikuwa ameandikwa awali kama mtunzi wa tatu. Alishikilia kwamba aliyarekebisha maneno, na wale vijana walikana. Kwa sababu walikuwa hawajafikisha miaka 21 walipoanza kusaini karatasi, mikataba yao ya mwanzo haikuwa na nguvu, na ilibidi mama zao wateuliwe na mahakama kuwa walezi wao wa kisheria. Desemba 1957 mahakama ya shirikisho mjini New York ilitoa hukumu dhidi ya Otis: alikwisha kusaini kuachilia haki zake kwa dola 750. Jina lake likaondoka kwenye utunzi. Bell, aliyeleta toleo ambalo dunia nzima iliimba, hakuandikwa kuwa mtunzi. Kampuni ya uchapishaji iliyosimama nyuma ya Elvis ilipata fungu lake.

Na Thornton? Hakuwa na kesi ya kufungua. Hakuandikwa kuwa mtunzi, rekodi haikuwa mali yake, na mkataba wake na Robey ulishafungwa.

Kwa hiyo nikiulizwa tena kama Elvis aliiba, nitajibu hivi. Kwa sheria, hapana: senti zililipwa kwa waliotakiwa kulipwa. Kwa muziki, alichokichukua alikichukua kwa Bell. Aliyemdhulumu Thornton fedha zake moja kwa moja ni Robey, na Robey alikuwa mfanyabiashara mweusi, jambo linalovuruga simulizi ya wazungu kuwaibia weusi kama inavyosemwa mara nyingi. Robey huyohuyo ndiye aliyewaandikia hundi hewa wale wazungu wawili waliotunga wimbo.

Lakini siwezi kuishia hapo, kwa sababu dhuluma nyingine ilikuwa pana kuliko mtu mmoja. Chati ya R&B, ambayo mpaka mwaka 1949 iliitwa chati ya "race records", yaani rekodi za watu weusi, ilikuwa ukuta. Mwanamke mweusi mwenye sauti kama ile, aliyependa kuvaa suruali na mashati ya kiume, hakuwa na mlango wa kupitia kwenda kwenye televisheni ya kitaifa mwaka 1953, hata angeuza nakala milioni. Elvis alipoimba katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan Septemba 1956 alitazamwa na watu wapatao milioni 60. Hakuna kifungu cha hakimiliki kinachopima tofauti hiyo.

Na lile alilolileta yeye mwenyewe, makelele, vijembe, namna ya kuliburuza neno mpaka likachubuka, lilichukuliwa na watu wengi bila mtu kuvunja sheria, kwa sababu sheria haikuwa na jina lake.

Usifikiri kwamba angekuwa mtunzi mambo yangekuwa tofauti sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alitunga "Ball and Chain" na kuirekodi kwa lebo ndogo ya Bay-Tone ya California. Lebo haikuitoa, lakini ilibaki na hakimiliki. Janis Joplin alimsikia akiiimba, akampenda, na mwaka 1967 akaiimba kwenye tamasha la Monterey mpaka watu wakashika vichwa. Joplin hakuficha kamwe wimbo ulitoka kwa nani, na Thornton mwenyewe alimsifu. Mirabaha, hata hivyo, ilikwenda ulikokuwa mkataba.

Kuna filamu ya mwaka 1965, alipozunguka Ulaya na tamasha la American Folk Blues, akiuimba "Hound Dog" huku kijana Buddy Guy akimpigia gita. Ni miaka tisa baada ya Elvis. Ukumbi umejaa Wazungu wa Ulaya wanaoujua wimbo kwa sauti ya mtu mwingine. Anauimba taratibu, kwa mdundo wake wa zamani, anatabasamu, na sungura hamtaji.

Mwaka 2018 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyozipa rekodi za kabla ya 1972 ulinzi wa shirikisho. Kwa hesabu ya sheria hiyo, rekodi ya Thornton inalindwa mpaka mwisho wa mwaka 2063. Mwaka 2022, filamu ya maisha ya Elvis ilipotoka, sehemu ya Big Mama ilichezwa na kuimbwa na Shonka Dukureh, na sauti yake ikaingizwa kwenye wimbo "Vegas" wa Doja Cat, ukapigwa kwenye simu za watoto wasiojua kama Houston kuliwahi kuwa na lebo iitwayo Peacock. Dukureh alifariki Julai mwaka huohuo. Mwaka 2024 jina la Thornton liliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki, kwenye kundi la walioathiri wengine.

Yeye alifariki tarehe 25 Julai 1984 katika nyumba ya kupanga vyumba huko Los Angeles, akiwa na miaka 57, mwili wake mkubwa ukiwa umekonda sana kwa maradhi na pombe. Alizikwa makaburi ya Inglewood Park, kwenye kaburi moja na watu wengine wawili. Aliyeongoza ibada ya mazishi alikuwa mchungaji Johnny Otis, yuleyule aliyeacha usimamizi miaka 32 kabla na kwenda kukaa kwenye dramu ili mdundo wa Big Mama upatikane.